Simu inasema mimi si mimi

Jumanne asubuhi nimekaa chini ya mwarobaini wangu hapa Somanda, Bariadi. Kofia nimevua, miwani nimevua, meno ya bandia nimeyaacha yalipo kwa ushauri wa mke wangu. Simu nimeishika mbele ya uso kama mtu anayetaka kunyoa ndevu. Inaniamuru: kodoa macho. Nakodoa. Geuka kushoto. Nageuka. Fumba, fumbua. Nafumba, nafumbua. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu yanatokea maandishi mekundu: uso haujatambuliwa, jaribu tena.

Nimejaribu mara 11. Mara ya 12 mbuzi wa jirani alipita nyuma yangu, na Mungu shahidi, kile kiduara kilizunguka muda mrefu kuliko kilivyowahi kunizungukia mimi. Nadhani mbuzi alibakiza kidogo tu apate pensheni.

Shughuli hii inaitwa uhakiki wa wastaafu. Zamani ulikuwa unapanda gari, unakwenda ofisini na kitambulisho chako, unakaa kwenye benchi na wazee wenzako mnaulizana nani bado yupo. Kijana wa dirishani anakutazama, anaona unapumua, anapiga muhuri, mnaagana. Siku hizi wametuhurumia. Mzee usisumbuke, baki nyumbani, simu itakutambua. Basi nimebaki nyumbani, na nimesumbukia hapa hapa nyumbani. Mfuko wenyewe siutaji jina, maana pensheni yao bado naitaka.

Kwanza hiyo programu yenyewe niliipataje. Mwanangu wa Dar es Salaam alinipigia akasema, "Baba, pakua programu." Mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Kupakua ni kazi ya mwiko na ugali ulioiva. Nikamwambia mama yake kuna kitu kinatakiwa kupakuliwa, akajibu kutoka jikoni kwamba ugali bado, maji hata hayajachemka. Kijana kule kwenye simu akakata tamaa: "Baba, daunlodi!" Ndipo nikaelewa. Limenikera hilo kuliko mengine yote: mwalimu wa Kiswahili anaelewa pale tu mtoto anapoacha kusema Kiswahili.

Niseme mapema kwamba mimi si mgeni wa simu. Mkoa huu wa Simiyu ulizaliwa 2012. Kabla ya hapo tulikuwa tunahesabiwa Shinyanga. Kiswaswadu changu cha tochi nilikinunua 2006. Kwa hiyo ndani ya kabati nina chaja iliyouzidi umri mkoa wangu. Kiswaswadu kile kilikuwa na adabu. Ukibonyeza kinabonyezeka, ukikiacha kinaacha. Chaji inakaa wiki nzima. Hakikuwahi hata siku moja kuniuliza mimi ni nani.

Mambo ya kuulizwa mimi ni nani yalianza 2019, tulipotakiwa kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na mimi siku zote hizo niko foleni. Nilipofika mbele, kijana akanishika kidole kama anayemshika mtoto wa chekechea, akakikandamiza kwenye kimashine. Hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Akaniambia ninawe kwa sabuni, nikanawa. Nipake mafuta, nikapaka. Nifute mafuta, nikafuta. Nyuma yangu walisimama wakulima wa pamba watano, na wao vidole vyao vilishaliwa na jembe, kwa hiyo walinitazama kama abiria wanaotazama gari la mbele likinasa kwenye tope. Vyangu vimeliwa na chaki. Miaka 42 ya chaki. Alama zangu za vidole zipo, ila ziko kwenye ubao wa shule moja huko Dutwa. (Siku hizi chaki zinatengenezwa hapa hapa kwetu, Maswa. Zamani tulizisubiri zitoke mbali huku tunaandikia vipande vya muhogo mkavu.) Mwishowe kilikubaliwa kidole gumba cha kushoto. Tangu siku hiyo, kwa nchi hii, mimi ni kidole gumba cha kushoto. Sasa wameona hakitoshi, wamehamia usoni.

Msaidizi wangu wa mambo haya ni mjukuu. Ana miaka 15, na kwa ada ya bando la wiki huwa ananifanyia kila kitu. Bahati mbaya shule zimefunguliwa Jumatatu, yuko bweni huko Meatu, na shuleni simu ni marufuku. Utaalamu wote wa nyumba hii umefungiwa nyuma ya geti la shule na unafundishwa kulima bustani.

Nikimkosa mjukuu ndipo ninapokumbuka nilivyokuwa.

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Serikali ilitaka kila mtoto aende shule, na ilipohesabu walimu ikaona hawatoshi. Tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukafundishwa ualimu huku tunafundisha. Asubuhi watoto, jioni kisomo cha watu wazima. Kijijini pale, kila barua iliyoingia ilipitia mikononi mwangu. Barua za vijana walioko machimbo ya Mwadui. Barua za walioko Mwanza. Na 1979 barua za askari waliokwenda Uganda, ambazo mama zao walinitaka nizisome mara tatu tatu, na mara ya nne polepole. Nilijua nani ameuza ng'ombe kwa siri na nani ameoa mke wa pili huko Mwadui wakati wa kwanza amekaa mbele yangu kwenye kigoda anasubiri nimsomee. Sentensi nyingine nilikuwa naziruka, na Mungu atanisamehe. Malipo yalikuwa jogoo kwa barua ya kusoma na kujibu. Ya kusoma tu, bakuli la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa.

Sasa anayesoma ni mjukuu, na siri ni zangu. Anajua salio langu. Anajua nilichomtumia dada yangu wa Lamadi ambacho bibi yake hajui. Namba yangu ya siri namtajia mwenyewe, tena kwa sauti kubwa kwa kuwa sikio langu la kulia limeanza kugoma, kwa hiyo naijua mimi, anaijua yeye, na anaijua jirani aliyeko ng'ambo ya ua. Mimi angalau niliruka sentensi. Yeye haruki kitu: "Babu, hapa dukani unadaiwa elfu 18, nimsomee na bibi?" Bando likapanda kutoka la wiki kuwa la mwezi.

Jirani mwenyewe naye hana la kunicheka. Ni mkulima wa pamba, na siku hizi hela ya pamba inaweza kukuingilia kwenye simu usiku umelala, bila hata kupiga hodi. Namba yake ya siri ameiandika kwa mkaa kwenye kihenge, tarakimu kubwa kubwa, ili aione bila miwani. Nikamwambia, mzee mwenzangu, hiyo si siri tena. Akasema ni siri, maana ni mwaka wake wa kuzaliwa na hakuna anayeujua, hata yeye hakuwa anaujua mpaka alipopewa na afisa wa vitambulisho. Mama yake alimwambia tu alizaliwa mwaka wa nzige. Nikakosa la kumjibu. Mwizi gani atakisia mwaka ambao mwenye nao aligawiwa?

Wezi wenyewe wapo, tena wana adabu kuliko unavyodhani. Msimu wa pamba ukifunguliwa na meseji zao zinafunguliwa. Mwezi uliopita nilipata moja: "Ile ela itume kwenye namba hii." Mkono ulinichezea kama umeshika kalamu nyekundu. Nikamjibu: "Kijana, 'ela' ni neno la kale lenye maana ya 'isipokuwa'. Bila shaka ulikusudia 'hela'. Pia sentensi huishia na nukta, na hilo umefanya vizuri." Nikatuma. Baada ya dakika mbili akajibu: "Asante mwalimu. Hela itume."

Niliwasimulia wenzangu nikijisifu. Mmoja akaniambia meseji za namna hiyo mtu anatakiwa kuzituma kwenda 15040, asianze kuzisahihisha. Nimelipokea. Lakini hapa kwetu tunajua namna nyingine ya kushughulika na mwizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walipoanza, ng'ombe akiibwa mwano unapigwa, yaani yowe la hatari, kijiji kinatoka na marungu, nyayo zinafuatwa hadi mpaka wa kijiji cha pili, na wale wanazipokea. Mwizi wa kwenye simu haachi nyayo. Ukipiga mwano watu watatoka na marungu yao, watakuuliza ameelekea wapi, nawe utawaonyesha nini? Hewani?

Lakini kinachonimalizia bando si wezi, ni marafiki.

Chama chetu cha kuzikana hapa mtaani kilihamia WhatsApp miaka mitano iliyopita. Zamani kilikuwa kinakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, mtu anasema, mwenzake anasema, chai, tumefunga. Sasa hakifungwi. Saa kumi alfajiri mtu amekutumia picha ya waridi na kikombe cha chai kinachotoa moshi, "Amka na baraka". Nimeamka, baraka sijaziona, na MB zimepungua. Kisha inakuja dawa ya presha ya majani ya mpera, imesambazwa mara nyingi, imetumwa na mzee yule yule aliyetuma wiki iliyopita kwamba majani ya mpera yanapandisha presha.

Jumbe za sauti ndizo usiseme. Msukuma hasemi jambo bila kusalimia, na salamu zetu si za kuparaza. "Mwangaluka" inajibiwa, kisha watoto, kisha mvua, kisha mifugo. Ana kwa ana ni jambo zuri, maana mwenzako anaitikia "mhola" na mnasonga mbele. Kwenye ujumbe wa sauti hakuna wa kuitikia. Kwa hiyo mzee anasalimia, ananyamaza kunipa nafasi, nasikia kuku wake, nasikia mtu anatwanga, anaendelea kuulizia ng'ombe ambao niliuza 2011, ananyamaza tena, na kidole kinamchoka kabla hajafikia jambo lenyewe. Ujumbe umekatika. Unakuja wa pili. Unaanza na mwangaluka.

Mwaka jana iliandikwa kwenye kundi kwamba mzee fulani amejiondoa. Kujiondoa kwenye chama cha kuzikana! Mtu akijitoa humo maana yake amegombana na walio hai na maiti pia. Kilikaa kikao. Ukateuliwa ujumbe wa watu wanne, mimi nikiwa msemaji, tukabeba kilo mbili za sukari, tukaenda kumwuliza tumemkosea nini. Tulimkuta anamenya viazi. Tukasalimia kwa urefu wake, tukakohoa, nikaeleza kwamba binadamu hukosea na kama kuna neno lililomchoma alitoe tulizungumze. Akanisikiliza vizuri sana, kisha akauliza: "Kundi gani?" Alikuwa anatafuta tochi aende chooni. Kidole kikapita pasipopitwa. Sukari tuliiacha, si unajua haibebwi kurudi nayo.

Halafu yuko yule anayefungua simu mara moja kwa mwezi. Anapanda juu kuzisoma meseji za zamani, anakuta tangazo la msiba, anaandika "Poleni sana, nimeguswa, mazishi lini?" Wengine wanaona "mazishi lini", wanaanza upya: jamani nani tena? Kuna marehemu mmoja wa hapa tumemchangia rambirambi mara mbili. Mjane alizipokea zote na hakuuliza swali.

Kiongozi wa kundi hilo, yaani admini, ni mama mmoja, mayu kwa Kisukuma, ninayemfahamu tangu 1978, na hapa ndipo donge langu lilipo. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo cha jioni. Kijana wa kike mwenye akili, lakini kalamu aliishika kama mpini. Akafika "ba be bi bo bu" akafunga daftari. Akaniambia mbele ya darasa zima kwamba herufi hizi zimekaa kimya mno, hazimsemeshi, na yeye hana muda wa kubembeleza kitu kisichosema. Darasa likacheka. Nikamwambia kwa ukali wa mtoto wa miaka 19 aliyepewa fimbo na Serikali kwamba ipo siku atanikumbuka.

Nami ndiye ninayemkumbuka, kila siku, tangu alfajiri. Mayu yule leo anauza michembe na samaki aina ya furu sokoni, na simu yake janja inamtii kama ndama. Hasomi neno. Hahitaji. Anaibonyeza, anaongea, imekwenda. Inalia, anaibonyeza, anasikiliza. Wateja wake anawatambua kwa picha zao. Michango ya chama anaikariri kichwani, nani katoa na nani anazungusha. Picha ya gunia la michembe ikiwekwa kwenye status yake asubuhi, jioni gunia limekwisha. Miaka 42 nimewahimiza watu wa wilaya hii wasome, wasome, wasome, na kumbe yupo mtu mahali fulani alikuwa anatengeneza barua zinazoongea.

Basi Jumanne hiyo, baada ya mbuzi, nilikwenda kwanza kwa kijana wa kibanda kimoja karibu na stendi. Akachukua simu bila kunitazama, vidole vyake vikapita kwenye kioo kama anayefukuza sisimizi, akasema uso wangu una tatizo, shilingi 2,000. Nikalipa kuambiwa hivyo. Nikakata kupitia sokoni kwa sababu jua lilikuwa kali na upande ule kuna vivuli. Hiyo ndiyo sababu pekee, mke wangu asiwasikilize wanaosema nilikwenda kuomba msaada.

Mayu aliniona kwa mbali. "Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, mayu."

Tukasalimiana mpaka mwisho. Akauliza mbona nimeshika simu kama yai. Nikamweleza, kwa maneno ya kuzungukazunguka, kwamba simu inadai mimi si mimi. Akafuta mikono, akaipokea, akaigeuza. Akakamata ncha ya khanga akaisugua ile kamera kama anayemfuta mtoto kamasi. "Hii ina mafuta ya kujipaka ya mwaka mzima," akasema. Kisha akanisogeza kwa bega mpaka nikaangalia upande wa mwanga, akainua simu, akanitazama kupitia humo, akaishusha.

"Mwalimu, legeza uso."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza. Unaitazama hiyo simu kama ulivyokuwa unatutazama sisi."

Wauza dagaa wa meza ya pili wakaangua kicheko. Nami sikutaka kucheka, lakini kitu kilinitoka puani, na papo hapo simu ikanguruma mkononi mwake. Maandishi ya kijani. Akanirudishia.

"Imeandika nini?"

Nikavaa miwani. Nikakohoa kidogo, nikasimama wima. "Imeandika: Uhakiki wako umekamilika. Asante."

"Rudia."

Nikarudia, polepole, nikitua kwenye nukta.

"Sawa," akasema, akaanza kumpimia mteja furu. "Jogoo nitamfuata mwenyewe jioni."